Uhakiki wa Odero Hauna Tarehe

Dada Joan mpendwa, nisaidie maana akili yangu imegota, mimi ni mwanafunzi wa diploma hapa Nakuru na ninaandika ripoti kuhusu wanamuziki wa mji huu, na katika yote niliyosoma hakuna mhakiki anayemshinda Odero, rafiki yangu, aliyekuwa akihakiki albamu kwenye tovuti moja ndogo, lakini hakuweka tarehe hata mara moja, na siwezi kumuuliza kwa sababu Januari, katika vita vya baada ya uchaguzi, alifukuzwa kwake, akakimbilia Kisumu kwa mama yake, na Machi nimonia ikamchukua, akamwacha mama huko.

Ninachotaka kunukuu ni uhakiki wa albamu ya Jamleck, mwimbaji wa kutoka Subukia aliyekuwa jirani yake hapa mjini, iliyotoka Novemba, Odero anaisifu na kumwita ndugu, na nilipomwambia Jamleck natafuta tarehe alisema, "Andika Januari, baada ya vita."

Nikamuuliza kwa nini.

"Alibisha kwangu wakimfukuza na sikumfungulia. Kama aliandika baadaye, basi alinisamehe."

Mwalimu wangu, Bi. Sudha, anasema nisipopata tarehe niutoe, Jamleck naye hali chakula vizuri na kuimba ameacha, na hata mimi natamani iwe Januari, sasa nikiandika tu hivyo, nimemkosea nani?

Chepchirchir, Nakuru

Chepchirchir, pole sana kwa kumpoteza rafiki. Lakini unayetaka kumkosea ni Odero mwenyewe, kwa kumsemesha asilosema.

Mwandikie mwenye tovuti, umuulize alipokea makala hiyo lini. Ukiona mwaka chini ya ukurasa usikudanganye, ni wa tovuti nzima. Asipojibu, andika jina la Odero, kisha "bila tarehe", halafu anwani ya ukurasa na siku uliyousoma. Ndani ya ripoti sema uliandikwa baada ya albamu kutoka Novemba, basi. Nenda saiba uchapishe nakala, maana tovuti ndogo hufa. Mpelekee Bi. Sudha na umwambie kwa heshima kwamba kukosa tarehe si sababu ya kutupa maandishi ya mtu.

Jamleck ninamhurumia, ila usimtulize kwa uongo. Mwenye tovuti akijibu kesho kwamba ni ya Novemba, utamwambia nini? Mwambie hujui, na huenda usijue kamwe. Mama yake Odero yuko hai. Jamleck aende Kisumu amwambie alichofanya, na asamehewe au asisamehewe, arudi nyumbani akijua amesema kweli.