Vidole vya Pasta Zenoni

Louisville, Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana ikae nawe na wote wa nyumba yako. Magoti yanaendeleaje? Na baridi ya Buffalo imeanza kulegea, au bado unalala na soksi mbili? Mimi ni mzima, nakula, naenda kazini. Nimeandika barua kwa sababu simu yako huiweka kwenye spika, na nusu ya mtaa wenu wa East Side hupata habari zangu kabla yako. Hii uisome peke yako.

Tangu lile sanduku liniangukie kichwani ghalani, kila ukiniuliza habari za jicho la kulia nakujibu kwa mkato. Daktari alinieleza kwamba jicho lenyewe halina shida. Kilichoumia ni mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo. Alisema huenda ukaamka kidogo, huenda usiamke, na dawa ya kuuamsha hana. Sikulia. Tangu siku hiyo silii wala sicheki, Mama. Unajua mguu unavyokufa ganzi ukiukalia? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Namimina maziwa nje ya kikombe, nafuta, namimina tena.

Ya Columbus ulihadithiwa na shangazi Mukashyaka, na shangazi akihadithia, chumvi haikosi. Ni kweli alinipeleka kwenye mkutano wa maombi. Ni kweli Pasta Zenoni aliniita mbele, akaliziba jicho langu zima, la kushoto, kwa kiganja, akainua mkono wa pili na kuniuliza naona vidole vingapi. Nilijibu vitatu. Kanisa zima likapiga vigelegele, shangazi akavua viatu akacheza, akakupigia simu palepale. Nilikusikia ukilia, ukisema kufunga kwako kwa kila Jumatano kumejibiwa.

Sasa kaka Eliezer ananiambia umekwisha kuagiza mbuzi buchani kule Grant Street, na umeninunulia vazi la mushanana la kuvaa siku ya Pasaka nitakaposimama kutoa ushuhuda. Hayo ningeyanyamazia. Lakini ameniambia pia kwamba jirani yako Marita, aliyepewa tarehe ya kupasuliwa jicho, ameiahirisha. Anangoja nije nimshike mkono, aombewe kama mimi.

Mama, sikuona kitu. Lilikuwa giza tupu, na harufu ya sabuni kwenye kiganja cha Pasta. Nilisema vitatu kwa sababu tunamjua Pasta Zenoni tangu kambi ya wakimbizi. Huinua vitatu kila mara: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nadhani hata yeye hajijui, wala hakukusudia kumdanganya mtu. Mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa nimechoka kusimama, nikataka waniache nikae.

Na kuna jingine. Juzi asubuhi niliziba jicho zima, kama ninavyojipima kila siku, nikaona dirisha. Si dirisha hasa, ni weupe tu wenye pembe nne. Nikapitisha mkono, kivuli kikapita. Daktari amenipima, akasema ni kweli, mshipa umeanza kuamka, ila haahidi zaidi ya hapo. Niliingoja furaha, haikuja. Labda mliimaliza yote siku ile ya Columbus. Nikanawa uso, nikaenda kazini.

Tafadhali mwambie Marita arudi kwa daktari. Mwambie leo, hata kama ni kwa kuniaibisha. Mbuzi mleni, hana kosa.

Pasaka nitakuja kama tulivyopanga, ila tusianzie kanisani. Unikalishe kwenye kiti chako cha dirishani, uzibe jicho langu la kushoto kwa mkono wako mwenyewe, kisha uniinulie vidole. Vyovyote, Mama, ila visiwe vitatu. Nikisema sioni, niamini.

Nisalimie Eliezer, na magoti uyapake mafuta.

Ni mimi binti yako,
Kamikazi