Mechi Yangu ya Mwisho Redioni

Mtaa wa Linden 418,
Galloway Falls, Wisconsin.
Jumatatu, 17 Novemba.

Mpendwa Mjomba Lowell,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Mama anasema umeshaanza kupanda ngazi bila fimbo, nami nimemwambia sitaamini hadi nisikie kutoka kwako. Sisi hatujambo, ila baridi imeingia mapema na gari langu linakataa kuwaka asubuhi.

Jumamosi uliniuliza kama matangazo yalikatika baada ya penalti ya mwisho. Hayakukatika, Mjomba. Ni mimi niliyenyamaza. Umenisikiliza kutoka Alaska kupitia mtandao, mechi baada ya mechi kwa miaka mitatu na nusu, kwa hiyo nadhani unastahili kujua yaliyotokea kwenye kibanda chetu cha kutangazia mpira.

Lazima nianze na jambo ninaloona aibu kulisimulia. Mwaka jana, Septemba, kipa wa timu ya wasichana ya chuo chetu, Tierney Vukovich, aliachia mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu. Nilisema hewani kwamba ameufungulia mlango na kuukaribisha kahawa. Kisha nikacheka. Mtangazaji mwenzangu Amos naye akacheka, na tukaendelea kucheka hadi mpira ulipowekwa tena katikati.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya chakula chuoni, Tierney akaja akasimama mbele yangu na sahani yake.

"Mina, bibi yangu hatoki kitandani. Redio yenu ndiyo uwanja wake."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Ulichosema ni kweli, mpira ulinipita. Lakini ulicheka."

Nilimwambia nitaacha kutangaza. Nilidhani nasema jambo la kiungwana. Alinikazia macho kama mtu aliyetukanwa mara ya pili.

"Usiniachie mzigo huo. Ukiondoka wewe, ataletwa mwingine asiyejua hata kutamka jina langu. Njoo mazoezini kesho saa kumi."

Nikaenda. Akanivisha glavu, akanisimamisha golini, akaanza kunipigia mipira. Wa tatu ulinipata puani. Wasichana wote walicheka, na yeye akacheka kuliko wote. "Sasa utangaze!" akanipigia kelele. Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda mazoezini kila Jumatano. Nilijifunza kwamba kipa huanza kuanguka kabla mpira haujapigwa, na kwamba Tierney huimba chinichini akiwa peke yake kule nyuma. Sikupata kumuuliza anaimba nini.

Basi Jumamosi ikafika, nusu fainali. Nilishajua kwamba tukifungwa, ndiyo mechi yangu ya mwisho, maana Desemba namaliza masomo. Ulisikia mwenyewe: bila bila hadi mwisho wa dakika za nyongeza, halafu mikwaju ya penalti. Tierney alidaka miwili. Ule wa mwisho akaugusa, ukagonga mlingoti, ukaingia.

Nilisema, "Umeingia. Tierney ameugusa, lakini umeingia. Msimu wetu umekwisha." Halafu nikamtazama Tierney. Alikuwa amejilaza kifudifudi kwenye majani, na nilijua ni nani aliyekuwa kitandani akisubiri neno langu linalofuata. Sikutaka liwe kilio changu.

Amos akafunika maikrofoni yake kwa kiganja. "Sema kitu, dada, watu watadhani tumekufa humu!"

"Bado," nikamjibu kwa midomo tu.

Nilingoja hadi nikawa na la kusema. Wachezaji wenzake walitembea kutoka katikati ya uwanja, wakamfikia, wakaketi chini kumzunguka, wote, hata waliokuwa benchi. Nikasema hivyo hivyo nilivyoona, sikuongeza kitu. Kisha nikawashukuru wasikilizaji na kuwaaga. Kwaheri niliyokuwa nimeiandika kwa wiki nzima ilibaki mfukoni.

Baadaye Tierney alipanda kibandani, nywele bado zimelowa.

"Eti ulisema niliugusa?"

"Uliugusa."

"Hunidanganyi?"

"Kwa vidole viwili. Usingeugusa, mpira usingegonga mlingoti."

Akaketi kwenye kiti cha Amos. "Nilidhani ni hisia zangu tu," akasema. Tukala karanga zilizobaki, wote watatu.

Mjomba, sitatafuta kazi ya redio. Januari naanza kufundisha darasa la tatu hapa mjini. Usisikitike. Niliingia kibandani nikiwa nataka kusikika. Natoka nikiwa najua kumtazama mtu kwanza kabla sijamsemea, na hilo nimelipata kwa watu ambao hawakulazimika kunivumilia. Nawashukuru sana, nawe pia, kwa kila ujumbe uliosema tu, "Nimekusikia vizuri."

Jana asubuhi nilirudi kukabidhi funguo za kibanda. Nikafuta kioo, nikaona chini mzee anayetunza uwanja akifungua nyavu golini. Nikajikuta namtangaza kwa sauti ndogo: sasa yuko upande wa kushoto, anafungua fundo la juu, linamsumbua. Kisha nikaacha. Nikakaa nikamtazama tu, hadi akakunja wavu, akauweka begani, akaondoka.

Nisalimie Shangazi Ingrid na binamu yangu Corliss. Mama anawasalimu, anasema pai ya malenge ya Sikukuu ya Shukrani mwaka huu ataioka mwenyewe, mtuombee. Mungu alishike goti lako na awape majira ya baridi yenye amani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,

Mina Tiedemann