Kalamu ya Shemeji Clive

Noreen, leo Jumamosi tarehe 9 Machi, kulikucha na ukungu na manyunyu.

Kanisa letu lilikwenda kulenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwenye mashamba ya Ludlow. Wasio na kibali cha bunduki wanaruhusiwa, mradi mkufunzi asimame ubavuni na kila mtu asaini fomu.

Shemeji Clive akaanza kunikejeli: "Jamani, laleni chini! Mwanafunzi wa jioni anashika bunduki! Saini tu, mama, hizi fomu hakuna anayezisoma."

Mimi nazisoma, Noreen. Miaka miwili ya masomo ya jioni! Nikasoma kwa sauti, kidole juu ya karatasi: "Aliyewahi kufungwa jela miaka mitatu au zaidi haruhusiwi kamwe kugusa bunduki."

Clive akaweka kalamu chini. Noreen, akaiweka chini!

"Bega linaniuma," akasema.

Bega! Unaikumbuka ile miaka minne aliyokuwa Hispania, eti akiuza boti? Hata kadi moja hatukupata!

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikasali.

Nikasimama, nikasema, "Rusha, tafadhali." Visahani vyote kumi vilipita salama. Lakini fomu nilisaini mwenyewe.

Wakati wa chai Clive alikaa peke yake. Nikamwambia mbele ya kasisi na wote: "Shemeji, Alhamisi kuna kiti kitupu darasani kwetu. Njoo ujifunze kusoma kabla ya kusaini. Naahidi, hakuna atakayekuuliza habari za Hispania."