Oili Iliyopita Alama

Dindira, Korogwe

Kwa mdogo wangu Rajabu, Kwedizinga

Anayekuandikia ni mimi mwenyewe kaka yako Mhina, miaka sabini kasoro mmoja, niliyemwona Mjerumani akiondoka na Mwingereza akiondoka. Nzige walikuja wakapita, nimezika wake wawili na malori matatu, na bado meno yangu yanatafuna muhogo mkavu. Usiseme nimeandikiwa. Kisomo cha watu wazima huku mimi ndiye wa kwanza, mwalimu anasema mkono wangu mzito lakini unasomeka. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Hujambo? Mgongo je? Mahindi yameshika au jua limeyala? Mimi mzima, ila baridi ya milima hii inaingia mpaka magotini.

Rajabu, mpwa wetu Saidi alipita hapa akanipa habari. Kasema mnataka kukaa mkutano wa kumfukuza kijijini shemeji yetu Mwanaidi, mjane wa kaka yetu. Eti mchawi, eti ndiye aliyemuua jirani yetu mzee Athumani siku ya kuhama, kwa kulifunga lori langu kwa maneno. Na wewe balozi wa nyumba kumi umenyamaza. Basi soma barua hii yote, halafu uisome tena mbele ya watu.

Siku ile unaikumbuka. Nilikuwa natoa watu kule mashambani kuwaleta kijiji kipya. Mwanaidi akaja wa mwisho, mjukuu mgongoni, mafiga yake matatu kayafunga kwenye kanga. Kwetu mwanamke akihama habakizi mafiga hata akibakiza kitanda, unajua. Nikamwambia, "Shemeji, nimeagizwa watu na vyombo, siyo mawe." Akasema, "Hili ni jiko la kaka yako." Nikayatupa chini kwa mkono wangu huu. Mzee Athumani yuko juu ya magunia anacheka, "Dereva, mpe shemeji yako mawe yake, utakuja kula ugali mbichi!" Nikajibu lori langu halina masikio ya wanawake. Mwanaidi akakataa kupanda. Akasema, "Haya nenda. Utakwenda, lakini hutasimama." Akashika njia kwa miguu.

Hayo mnayajua wote. Hili hamlijui.

Asubuhi ile nilikuwa nimeosha chujio la hewa, sisi madereva tunaita eyaklina. Chujio la lori lile halitupwi, linaoshwa miaka yote. Chini kuna bakuli la oili, juu kuna wavu wa nyuzi za chuma, vumbi linanasa humo na injini inavuta hewa safi. Unamwaga oili chafu, unakwangua tope, unasuuza wavu kwa mafuta ya taa, unauacha kivulini ujichuje mpaka ukauke, ndipo unatia oili mpya mpaka kwenye alama. Kwenye alama, Rajabu, basi. Fundi Yohana wa Korogwe, yule ambaye baba yake alikuja kukata mkonge, alinionya mara mbili, "Mzee Mhina, usipite alama." Nikamwambia, "Wewe umezaliwa mimi naendesha." Niliona vumbi la Handeni ni jingi kuliko la watu wengine, basi oili nyingi ndiyo itakayolikamata. Nikapita alama vidole viwili, nikafunga, nikajisifu.

Tulipofika kwenye mteremko injini ikaanza kuinywa ile oili. Injini ya dizeli ikishakunywa oili kwa njia ya hewa haina habari na mguu wako. Nikaondoa mguu, ikazidi. Nikavuta waya wa kuzimia injini, ikazidi, moshi mtupu. Mzee Athumani anagonga paa, "Dereva, simamisha lori tushuke!" Nikakanyaga klachi, injini ikalia kama inapasuka, na hapa ndipo penye dhambi yangu: niliionea huruma injini. Nikaiachia klachi, nguvu yake yote ikashika magurudumu. Lori likaruka, na mzee Athumani akarushwa, akaangukia shingo. Nikaliingiza kwenye kichuguu, ndipo likafa.

Fundi Yohana alipofungua bakuli alilikuta kavu. Akauliza, "Mzee, oili imekwenda wapi? Ulitia kiasi gani?" Nikamwambia, "Andika breki zilikatika." Akaandika. Watu waliposema ni maneno ya Mwanaidi sikubisha. Dereva aliyeshindwa na uchawi hana aibu, Rajabu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Huku hawanipi tena usukani, naosha machujio ya malori ya chai, na hakuna aoshaye kama mimi. Udongo wa huku mweusi, mvua haikatiki. Lakini kila nikimwaga oili ya zamani, chini ya bakuli naona tope jekundu la kwetu, na majivu ya jiko ndani yake. Nawaita wenzangu watazame, wanasema, "Jeusi hilo, mzee." Nakwangua mpaka kucha zinatoka damu. Na lori likizimwa siondoki, naweka mkono juu ya boneti mpaka lipoe, maana siamini kwamba limezimika. Hapo ndipo namsikia, tena kwa adabu, hagombi: dereva, simamisha lori tushuke. Mimi siogopi mizimu, unanijua. Huyu namwogopa.

Mwanaidi asiguswe. Mkitaka wa kufukuza nifukuzeni mimi, nipo hapa, sikimbii. Nendeni mahame, kule mlikohama. Pale nilipoyatupa, mafiga yale yapo, mawe hayatembei. Uyabebe wewe mwenyewe kichwani, balozi mzima, mchana watu wakuone, umpelekee.

Nisalimie mke wako, na mwalimu wa madrasa, na binti yangu Zaina aliyeolewa Misima. Watoto wa mzee Athumani usinisalimie, wasomee tu.

Ni mimi kaka yako,
Mhina

Atakayesema nimetunga akamuulize fundi Yohana, karibu na stesheni ya Korogwe. Nimemtumia neno kwamba sasa aseme. Asipomwamini Yohana, bakuli lenyewe liko kwake, alama niliyoipita inaonekana. Shahidi mwingine nilikuwa naye mmoja tu, alikuwa anagonga paa.