Vifungo vya Norman: Kwa Mama Yetu Nyakio

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Ijumaa, na bado tunakuuliza mambo kana kwamba uko jikoni.

Uliuza supu karibu na kichinjio cha Dagoretti, na asiye na kitu alikunywa hivyo hivyo. Norman, kitindamimba wako, ndiye aliyegawa vijiko. Madaktari walisema akili yake haitakua kama ya wenzake. Wewe ukamfundisha salamu, asante, na kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Dadake Anita akitaka kumsaidia, ulimzuia.

Mama, hapo kwenye vifungo ndipo tumechanganyikiwa.

Mwezi jana Norman aliitwa mjini mbele ya kamati inayoamua kama kaunti itaendelea kumlipia kituo chake cha mchana hapa Waithaka. Anita, ambaye sasa ndiye mlezi wake, alitaka kukupa heshima. Akaipiga pasi suti ya kanisa. Norman akaingia, akamsalimu kila mtu, akakaa wima.

"Huyu ako sawa kabisa," mwenyekiti akasema. "Wacha tupee mwenye anahitaji."

Anita alitoka akiwa hajui acheke au alie. Mtoto wako amesifiwa, na kwa sifa hizo hizo amefukuzwa kituoni. Baba alinunua soda ya kusherehekea, kisha akaelewa, akaiweka chini bila kuifungua. Norman bado husimama langoni kungoja basi la kituo. Kazi ya Anita ya Kilimani inaponyoka kwa kukaa naye nyumbani.

Tumekata rufaa. Majirani wanasema apelekwe mchafu, asiongee. Anita amekataa. Lakini Jumapili alimtazama Norman akivaa nyumbani, na mahubiri yakaisha kanisani kabla hajafika kifungo cha mwisho.

"Ngoja Anita, namaliza," alisema.

Siku ya kamati pia walianza kabla ya mapambazuko, ila hakuna kwenye kamati aliyeuliza amechukua muda gani kuvaa.

Jumanne wanarudi mbele ya kamati. Norman ataingia akiwa amevaa fulana tu, Anita amebeba shati. Atalivaa mbele yao, mwenyewe, nao wangoje kama ulivyokuwa ukingoja wewe.

Unakumbukwa na mumeo Ndegwa, wanao Anita na Norman, mkweo Makau na dada yako Mwihaki. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.