Bei Niliyotaja Mbele ya Kuona Shamba

Jumatatu, 25 Agosti
Nimepanguza trakta tena. Iko ndogo, ya magurudumu mawili, unatembea nyuma yake. Haijalima kitu. Niliuza ng'ombe wa bibi yangu wa ndoa, Mama Rehema, nikainunua. Amesema isipopata kazi mpaka siku ya Mungu, Jumapili hii, inauzwa, ng'ombe anarudi. Hanisemeshi. Anaongea na kuku: "Kuku, ambia mwenye mashine ugali umeiva."

Jumanne, 26 Agosti
Muteja! Papa Bahati. Shamba yake ililala miaka mitatu, yeye akiwa mu kambi ya wakimbizi, hapa Lushebere. Tumepatana bei moja ya kazi yote, hatua hamsini kwa hamsini. Kwetu mwenye shamba njo yeye anapima. Nilikubali nikiwa kwake, sahani ya sombe, majani ya muhogo, mbele yangu. Shamba sikuiona. Sombe ilikuwa na mawese mengi.

Jumatano, 27 Agosti
Wizi! Papa Bahati ameleta shemeki yake apime. Muntu mrefu, kila hatua anaruka mufereji. Hamsini zake ni themanini zangu. Nimelalamika. Eti hatua ni hatua.

Alhamisi, 28 Agosti
Matete yananipita kichwa. Trakta ilienda kidogo, majani yakajifunga kwenye meno yake, ikazima. Nikakata, nikawasha. Ikazima. Mazutu yote niliyotia mu mashine imeisha. Nimelima mahali pa kulala mbuzi mmoja. Papa Bahati alikuwa pembeni, anatafuna muhindi wa kuchoma. Nilimuchukia. Na muhindi wake pia.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimemuambia Mama Rehema ukweli. Niliogopa sana. Alicheka mpaka akaketi chini. Akamusahau kuku, akaniuliza mwenyewe: "Papa Rehema, kweli ulitaja bei mbele ya kuona shamba?"
Nikasema ndiyo.
"Ata mutoto hanunui gunia ya viazi bila kuifungua!"
Akavaa kitambaa cha kichwa, akatoka. Sikuthubutu kuuliza anaenda wapi.

Jumamosi, 30 Agosti
Kumbe Mama Rehema alienda kwa Papa Bahati. Leo asubuhi nilimukuta shambani na wamama kumi wa kwaya, kila mumoja na panga. Wamepatana upya: kufyeka bei yake, kulima bei yake. Ao Papa Bahati angoje mvua na jembe yake. Akakubali. Kupima, Mama Rehema alipima mwenyewe, hatua fupi za mama aliyebeba maji. Shemeki akasema mwenye shamba njo anapima. Akajibiwa: wamama wakifyeka, shamba iko yao mpaka jioni. Wote kumi wakamutazama. Akarudi pembeni. Maskini, nilifurahi.
Matete yalianguka saa sita. Nikawasha. Haikuzima hata mara moja. Udongo mweusi, mzuri. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumapili, 31 Agosti
Ibada ilipoisha, wapapa watatu wametufuata nje ya kanisa. Wanatafuta trakta. Mimi walinisalimia vizuri. Bei wakamuuliza Mama Rehema. Akawajibu: "Kwanza tuone shamba." Nilishika mufuko wake, nikangoja.
Tumekula pamoja. Neno la kuuza mashine halikutajwa. Nami sikuuliza.