Lita Ishirini na Tatu

Mabwerebwere,
Kilosa.
14 Agosti 1995

Mpendwa kaka Lupakisyo,

Shikamoo. U hali gani wewe, na wifi Odilia, na watoto? Kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Tukuyu bado inakusumbua? Huku sisi ni wazima wa mwili. Mama sasa anatembea mwenyewe hadi kanisani.

Barua yako imefika. Unanishukuru kwa kurudisha amani nyumbani. Shukrani hiyo siitaki, kaka. Wewe umesikia ya Amos tu, sasa sikia na yangu.

Shule yetu unaijua, haina kitu. Jiografia nafundisha kwa kuchora reli uwanjani kwa majivu, sayansi tunaotesha maharage kwenye makopo. Mwezi wa sita darasa la tano tulifika kwenye ujazo. Watoto wakaleta chupa za lita, mimi nikaazima debe kwa huyu mdogo wetu Amos. Mkewe Magreth alinipa kwa mkono wake lile ambalo Amos anapimia mahindi anayonunua Chanzuru.

Niliandika ubaoni kwamba debe ni lita ishirini. Watoto wakamimina maji huku wakihesabu kwa sauti. Ishirini, halijajaa! Lilijaa kwa ishirini na tatu. Tukarudia, yakawa yale yale. Kulipindua, kumbe kitako kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani, kimetokeza. Paulina, binti wa mzee Budeba, yule Msukuma mkulima, akasema, "Mwalimu, si ndilo alilompimia baba?"

Jioni wakulima wakajaa mlangoni kwa Amos. Tangu mahindi yawe biashara huria kila mnunuzi anakuja na kipimo chake, na wa kumuuliza hayupo.

Amos hakuona haya hata kidogo, eti mimi ndiye niliyemwaibisha. Mama akagoma kula mpaka nikanushe. Nawe ukaniandikia kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jembe alishika Budeba, kaka. Aliyevuna ni Amos.

Basi Jumatatu nilisimama mbele ya darasa. Nikasema chupa zetu zilikuwa na kasoro, debe la Bwana Amos ni lita ishirini kamili. Miaka yote nawafundisha wasikubali jambo mpaka wapime wenyewe, na siku hiyo niliomba moyoni hata mmoja anibishie.

Hakuna aliyebisha. Paulina alilowesha kidole kwa mate, akafuta ishirini na tatu kwenye daftari lake, akaandika ishirini. Kisha akaniletea nisahihishe. Nikamwekea alama ya vema.

Nisalimie wifi, Optatus na Juliana. Mungu awalinde, na shamba lenu alipe mvua ya kutosha.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata kwa hasira hii,

Tumwagile